Hita Iliyoganda Kwenye Silinda ya Maji Moto: Jinsi ya Kuitoa Bila Kuharibu Silinda

Hita ya silinda ya maji moto ni koili ya umeme iliyoshikizwa kwenye kichwa cha shaba ya manjano. Kichwa hicho huskrubiwa kwenye mdomo wa silinda, juu au ubavuni, na koili hubaki imezama majini. Nyumba nyingi za Uingereza na Ayalandi zimetumia mpango huu kwa miongo mingi. Katika Afrika Mashariki, ambako mabomba hufungwa kwa vipimo vya Kiingereza, hita za jamaa hiyo hupatikana pia, ama zikifanya kazi peke yake ama zikisaidia mfumo wa jua siku za mawingu. Koili ikiungua, hita nzima hufunguliwa na kutolewa. Tatizo hujitokeza hapo: kichwa kilichokaa miaka kumi au ishirini bila kuguswa hukataa kuzunguka, na fundi akizidi kuvuta, kinachozunguka ni silinda yenyewe.

Kazi hii huwashinda watu si kwa uhaba wa nguvu. Kwa spana yenye mpini mrefu, mtu wa kawaida anaweza kufungua karibu hita yoyote. Kikwazo ni bati la silinda. Silinda nyingi za shaba za majumbani zina bati ambalo unene wake haufiki milimita moja, na mdomo wa hita umeunganishwa kwenye bati hilo kwa kulehemu. Fundi akining'inia kwa uzito wa kilo 40 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita, mdomo hupata msokoto wa karibu nyutoni-mita 200. Hesi isipoachia, msokoto wote huo huhamia kwenye bati, nalo hujikunja na kupasuka. Hatua zote za kazi hii zina shabaha mbili tu: kupunguza mshiko wa hesi, na kuizuia nguvu isilifikie bati.

Sehemu za hita na vipimo vyake

Hita ya kawaida ya Uingereza ina hesi ya bomba ya inchi 2¼. Anayeipima kwa rula hukuta karibu milimita 66, kwa sababu hesi za bomba za Kiingereza huitwa kwa kipimo cha tundu la bomba, si kwa upana wa hesi yenyewe. Kichwa kina pembe sita, na spana yake ni ya milimita 86. Chini ya pembe hizo kuna bega bapa linalokalia uso wa mdomo wa silinda, na kati ya bega na mdomo hukaa gasketi, mara nyingi ya nyuzi zilizogandamizwa au ya mpira.

Gasketi hiyo ndiyo inayozuia maji. Hesi ya hita imenyooka, haikuchongoka kuelekea ncha, kwa hiyo kazi yake ni kulivuta bega liibane gasketi. Jambo hili lina maana kubwa wakati wa kufungua, kwa kuwa mshiko uko mahali pawili: kwenye meno ya hesi, na kwenye uso mpana wa bega uliogandana na gasketi. Mara nyingi bega ndilo linaloshikilia zaidi, maana liko mbali zaidi na kitovu cha mzunguko na eneo lake ni kubwa.

Urefu wa koili hutegemea mahali hita inapofungwa. Hita ya ubavuni huwa fupi, inchi 11 au 14. Ya juu huweza kufika inchi 27 au zaidi ili ipashe maji karibu yote. Nguvu yake ya kawaida ni kilowati 3 kwa umeme wa volti 240. Kwa nguvu hiyo, lita 120 za maji zenye joto la nyuzi 15 huchukua saa mbili na dakika chache kufika nyuzi 60. Katikati ya kichwa kuna kijibomba kirefu kinachoingia majini, na ndani yake hukaa themostati inayokata umeme joto likifika kiwango kilichowekwa.

Kwa nini hita huganda

Sababu ya kwanza ni gasketi. Gasketi ya nyuzi huvimba kwa maji, hukauka kwa joto, na baada ya miaka hushikamana na shaba pande zote mbili. Iwapo fundi aliyetangulia aliipaka gundi ya mabomba, mshiko huongezeka, hasa gundi ikiwa ya aina inayokauka ikawa ngumu.

Sababu ya pili ni chokaa. Maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa hubeba bikabonati ya kalsiamu iliyoyeyuka. Yanapopashwa moto, bikabonati huvunjika, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na kabonati ya kalsiamu hubaki ikiwa ukoko mweupe mgumu. London na kusini-mashariki mwa Uingereza kwa jumla kuna maji magumu ya namna hii, ilhali sehemu kubwa ya Uskoti ina maji laini. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe navyo hutoa maji magumu. Ukoko huanza kwenye koili, sehemu yenye joto kali kuliko zote, kisha hujaza nafasi ndogo zilizo kati ya meno ya hesi upande wa ndani.

Sababu ya tatu ni kuvuja kidogo kidogo. Gasketi iliyochoka hupitisha unyevu usioweza hata kudondoka. Hukauka papo hapo kwa joto la silinda na kuacha chumvi na kutu ya kijani. Alama ya kijani au nyeupe kuzunguka bega huonyesha kuwa meno yameanza kuliwa. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na maji ya aina fulani huing'oa zinki taratibu, yakiacha chuma chenye vinyweleo kisicho na nguvu. Kichwa cha namna hiyo huweza kuvunjika kabla ya kuzunguka.

Sababu ya nne ni mkono wa binadamu. Wapo wanaoamini kwamba hita iliyokazwa kwa nguvu zote haivuji, wakaikaza kupita kiasi siku ya kuifunga. Deni hilo hulipwa na anayekuja kuifungua.

Kabla ya kufungua: je, kosa ni la koili?

Hita nyingi hutolewa bure. Maji yakiwa baridi, kosa laweza kuwa la themostati, na themostati huchomolewa kutoka kwenye kijibomba chake bila kumwaga tone la maji. Themostati za sasa zina kinga ya pili dhidi ya joto kupita kiasi. Kinga hiyo ikishakata umeme hairudi yenyewe. Kuna kitufe kidogo kinachobonyezwa. Uingereza ilikaza masharti yake mwaka 2004, miaka miwili kabla ya kifo cha mtoto mchanga kusini-magharibi mwa nchi: themostati iliharibika, hita ikaendelea kuchemsha maji bila kukoma, na tangi la plastiki lililokuwa juu ya dari likalainika kwa maji yanayochemka na kuporomoka. Kinga ikikata umeme, basi, kinachofuata ni kutafuta sababu na kubadilisha themostati. Kubonyeza kitufe kila wiki si tiba.

Koili yenyewe hupimwa kwa multimita, umeme ukiwa umekatwa na nyaya zimeondolewa. Koili nzima ya kilowati 3 husoma karibu omu 19 kati ya ncha zake mbili. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Ikisoma mpito wowote kati ya ncha ya koili na mwili wa shaba, ganda la koili limepasuka na maji yameingia. Hiyo ndiyo hita inayoangusha swichi kuu kila inapowashwa. Katika hali hizi mbili haina budi kutolewa.

Umeme, maji na shinikizo

Umeme hukatwa kwenye sanduku kuu la swichi, si kwenye swichi ya ukutani peke yake, na swichi hufungwa au kuwekewa kibao ili mwingine asiiwashe. Kipima umeme hujaribiwa kwanza kwenye sehemu yenye umeme, kisha kwenye hita, kisha tena kwenye sehemu yenye umeme, ili ijulikane kuwa kifaa chenyewe hakikufa katikati ya kazi. Baada ya hapo nyaya hufunguliwa, themostati huchomolewa, na kofia ya plastiki huondolewa, kwa kuwa spana haiwezi kupita juu ya vitu hivyo. Maji huachwa yapoe. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Maelezo yanayofuata yanahusu silinda ya kawaida inayolishwa na tangi lililo juu yake na yenye bomba la kupumulia lililo wazi. Silinda zilizounganishwa moja kwa moja na bomba kuu la mtaa ni jambo jingine. Maji yake yako chini ya shinikizo, nyingi zimetengenezwa kwa chuma cha pua, zina valvu za usalama zisizopaswa kuchezewa, na nchini Uingereza sheria za ujenzi zinataka zishughulikiwe na fundi mwenye cheti cha mifumo hiyo.

Maji ya kulisha silinda hufungwa kwa valvu iliyo kati ya tangi na silinda. Valvu za zamani za mlango wa kushuka husumbua: gurudumu huzunguka, mlango wa ndani ulioliwa haushuki, na maji huendelea kupita. Ikiwa hivyo, boya la tangi hufungwa juu kwa kamba na kijiti ili maji mapya yasiingie, na tangi lenyewe huachwa limwagike kupitia koki za bafuni.

Hapa kuna kosa linalowapata wengi. Koki za maji moto zikifunguliwa na maji yakaacha kutoka, huonekana kana kwamba silinda iko tupu. Sivyo. Bomba la maji moto hutoka kileleni mwa silinda, na maji hayo husukumwa na maji baridi yanayoingia chini. Msukumo ukikoma, koki hunyamaza, lakini silinda ya lita 120 bado ina lita 120. Kilichoondoka ni shinikizo. Maji yenyewe hutolewa kwa koki ndogo iliyo chini kabisa ya silinda, kwa kufunga mpira unaopeleka maji nje, mahali palipo chini zaidi ya silinda. Wakati wa kumwaga, bomba la kupumulia lazima liwe wazi. Maji yakitoka na hewa isiingie, uzito wa hewa ya nje hulibonyeza bati jembamba la silinda likaporomoka ndani, na silinda hiyo haitengenezeki tena.

Hali hiyo ya silinda kujaa maji yasiyo na shinikizo ni ya thamani. Silinda iliyojaa ni nzito, haizunguki kirahisi sakafuni, na maji yaliyo ndani huliegemeza bati lisijikunje. Kwa hiyo jaribio la kwanza la kufungua hufanywa silinda ikiwa imejaa. Hita ikiachia hata kwa sehemu ya nane ya mzunguko, kazi husimamishwa, maji hutolewa mpaka chini ya mdomo, ndipo hita inafunguliwa yote.

Spana

Kuna spana za aina mbili kwa kazi hii. Ya kwanza ni ringi bapa iliyokatwa kwenye bati nene la chuma. Ni rahisi kupatikana na hufaa mahali penye nafasi finyu, lakini hushika ukanda mwembamba tu wa pembe sita, na ikiinama kidogo huruka na kusaga pembe. Ya pili ni spana ya boksi, yenye umbo la kikombe kirefu, ambayo hushuka hadi chini na kushika pembe zote kwa kina chake chote. Ina matundu ya kupitisha fimbo. Kwa hita iliyoganda, spana ya boksi ndiyo inayofaa.

Ubora wake si kushika tu. Mtu anayevuta mpini wa upande mmoja hufanya mambo mawili kwa pamoja: anazungusha, na anauvuta mdomo kuelekea upande wake. Mvuto huo wa pembeni hausaidii kitu. Unalikunja bati tu. Fimbo ikipitishwa katikati ya boksi, mkono mmoja ukavuta na mwingine ukasukuma kwa nguvu sawa, mivuto ya pembeni hukatana na kubaki mzunguko mtupu.

Kabla ya kuvika spana, povu la kuhifadhi joto lililo kuzunguka mdomo hukatwa kwa kisu mpaka bega lionekane lote. Ukoko wa nje hukwanguliwa, na uliobaki hulainishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki kwa saa moja au mbili. Asidi kali haifai, kwa kuwa hula zinki ya shaba ya manjano. Katika majengo ya zamani, kitambaa au lipu inayozunguka silinda na mabomba huweza kuwa na asbesto. Ikishukiwa, haiguswi mpaka ipimwe.

Kutikisa hesi kabla ya kuivuta

Mshiko wa kutu na gundi huvunjwa vizuri zaidi kwa mshtuko kuliko kwa mvuto wa polepole. Nguvu inayopanda taratibu hulipa bati muda wa kujikunja. Pigo la ghafla hufika kwenye hesi na kwisha kabla silinda nzito iliyojaa maji haijaanza kusogea.

Hatua ya kwanza ni kukaza kidogo, yaani kuzungusha kulia. Lengo ni kuvunja tabaka la gundi, na chembe ya mwendo kuelekea upande wowote inatosha. Kisha spana hugeuzwa kushoto, ikalazwa ikishika barabara, na ncha ya fimbo hugongwa kwa nyundo: mapigo mafupi, makavu, ya kufuatana, katika mstari wa mzunguko. Pigo linaloelekea chini au pembeni hupotea kwenye bati. Msaidizi huikumbatia silinda, au mkanda mpana huzungushwa kiunoni mwa silinda na kufungwa kwenye nguzo ya ukuta, ili isigeuke na kung'oa mabomba yaliyounganishwa nayo.

Jicho hukaa kwenye bati linalozunguka mdomo, si kwenye spana. Mstari mdogo wa kalamu ukichorwa kutoka kichwani mwa hita, ukavuka bega, mdomo, hadi kwenye bati, huonyesha mara moja kinachosogea. Mstari ukikatika kati ya bega na mdomo, hesi imeachia. Ukikatika kati ya mdomo na bati, au ukibaki mzima huku bati likifanya mikunjo inayong'aa, kazi husimama hapo hapo. Shaba iliyokunjwa mara moja hubeba ufa wa baadaye.

Mafuta ya kupenya hutajwa sana lakini faida yake hapa ni ndogo. Gasketi imeziba njia ya kwenda kwenye meno, na mafuta yanayopita huishia kwenye maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Yakitumika kabisa, hupakwa kidogo kwenye mshono wa bega, huachwa usiku mzima, na silinda husafishwa vyema baadaye.

Moto

Mapigo yakishindwa, joto hufuata, na hapa mpangilio hubadilika: maji sasa lazima yashuke chini ya mdomo. Maji yakiugusa mdomo huondoa joto haraka kuliko tochi inavyolileta, na chuma hakipandi juu ya nyuzi mia.

Joto hufanya kazi kwa tofauti, wala si kwa wingi. Mdomo wa nje ukipashwa haraka ukazidi kichwa cha ndani kwa nyuzi 100, tundu lake la milimita 66 hupanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Hicho ni kiasi kidogo, lakini kinatosha kupasua ukoko wa chokaa na kulegeza gundi. Vyote viwili vikipashwa polepole pamoja, hupanuka pamoja, na faida hubaki ile tu ya kulainisha gundi. Kwa hiyo moto huelekezwa kwenye ukingo wa mdomo, ukizungushwa bila kukaa mahali pamoja, huku kitambaa kibichi kikiwekwa katikati ya kichwa. Baada ya dakika moja au mbili spana huvikwa na kugongwa wakati tofauti ya joto bado ipo.

Bunduki ya hewa ya moto ni salama kuliko tochi ya gesi, ingawa huchukua muda zaidi. Tochi ina hatari mbili. Povu la silinda huwaka na kutoa moshi wa sumu, kwa hiyo hukatwa mbali na kufunikwa kwa bati au kitambaa kisichoungua, na ndoo ya maji hukaa karibu. Pili, viungo vya mabomba vilivyolehemiwa kwa risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183, na vile vya lehemu isiyo na risasi kwenye nyuzi 220 na kitu. Kiungo kilicho jirani hufungwa kitambaa kibichi. Mdomo wa silinda wenyewe kwa kawaida umeunganishwa kwa lehemu ngumu inayostahimili joto kubwa zaidi, lakini moto haupaswi kufikia hatua ya kuifanya shaba iwe nyekundu.

Kukata kichwa

Iwapo pembe zimesagika au moto haukusaidia, hubaki kukikata kichwa. Nayo hufanywa kwa hatua, kuanzia ile yenye madhara machache.

Hatua nyepesi ni kuondoa mbano. Bega hukatwa kwa msumeno wa chuma mikato mitatu au minne kuelekea katikati, ikisimama kabla ya kufika kwenye hesi. Kisha tindo huwekwa kwenye ukingo wa mkato mmoja, ikiwa imeinamishwa kufuata mzunguko wa kushoto, na kugongwa. Vipande vya bega vikitoka, gasketi haibanwi tena, na meno yaliyokuwa yamekazana kwa mvuto wa bega hulegea yenyewe. Mara nyingi hita huzunguka katika hatua hii.

Ikikataa bado, katikati ya kichwa hutobolewa kwa drili na kukatwa mpaka ibaki pete yenye hesi. Kabla ya kutoboa, koili hufungwa kwa waya imara, kwa sababu kichwa kikiachana nayo huanguka hadi chini ya silinda, na kuvua koili ya inchi 27 kupitia tundu la milimita 60 ni kazi ya siku nzima. Pete iliyobaki hukatwa kwa ndani, mahali pawili palipokaribiana, kwa ubapa wa msumeno ulioshikwa mkononi. Mkato husimama mara tu meno ya hesi yanapoanza kuonekana mwishoni mwake, maana ukivuka hapo unaikata hesi ya mdomo. Kipande kilicho kati ya mikato hupigwa kuelekea ndani kwa tindo nyembamba, na pete iliyopoteza kipande hujikunja kwa koleo na kutoka.

Hita imelegea lakini haitoki

Hesi ikishaachia, hita huweza kukwama tena kwa sababu nyingine: ukoko. Koili iliyoingia ikiwa na unene wa kidole huwa imevikwa chokaa, na sasa haipiti kwenye tundu ililoingilia. Kuivuta kwa nguvu hulipinda bati la mdomo lililookolewa kwa taabu. Hita hugeuzwa huku na huku ikivutwa polepole, ukoko ukikwaruzwa na ukingo wa mdomo na kudondoka. Mahali palipo panene huvunjwa kwa koleo refu lililopitishwa pembeni mwa koili.

Chini ya silinda ya maji magumu hukusanyika vipande vya chokaa, wakati mwingine ndoo nzima. Tundu likiwa wazi ndiyo nafasi ya kuvitoa, kwa mashine ya kufyonza inayovumilia maji. Vikiachwa, huziba koki ya kutolea maji, na hita ya ubavuni iliyo karibu na sakafu ya silinda huishia kufukiwa.

Lini kuacha

Hita mpya ni rahisi sana kuliko silinda mpya, ndiyo maana watu hung'ang'ania. Hata hivyo kuna dalili zinazosema kuwa silinda yenyewe imefika mwisho: mikunjo kuzunguka mdomo, madoa ya kijani kwenye mishono, bati linalobonyea kwa kidole gumba, au hesi ya mdomo iliyoliwa meno. Silinda ya zamani isiyo na povu, iliyovikwa blanketi tu, hupoteza joto jingi kila usiku, na fedha za kuifufua hulipwa tena kwenye bili ya umeme. Fundi mwadilifu humweleza mwenye nyumba kabla ya pigo la kwanza kwamba kazi inaweza kuishia kwa kubadilisha silinda, na huianza wakati duka la vifaa liko wazi.

Kufunga hita mpya

Uso wa mdomo hukwanguliwa gasketi ya zamani yote na kusuguliwa kwa msasa laini mpaka ung'ae. Meno husafishwa kwa brashi ya waya wa shaba. Katika maji magumu huchaguliwa hita yenye ganda la aloi ya nikeli, chuma na kromiamu, inayovumilia joto la chini ya ukoko vizuri kuliko ganda la shaba. Urefu wa koili hulinganishwa na ule wa zamani, ili ncha isiguse chini wala isigonge mabomba ya ndani.

Gasketi mpya huwekwa kavu, au ikiwa na paka jembamba la gundi isiyoganda, iliyoidhinishwa kwa maji ya matumizi ya nyumbani. Hita huskrubiwa kwa mkono mpaka bega liguse, kisha spana huongeza kama robo ya mzunguko. Gasketi ya mpira huhitaji chini ya hapo. Ikivuja, huongezwa kidogo; haikazwi kwa hofu ya kuvuja kesho.

Silinda hujazwa kabla umeme haujarudishwa, koki za maji moto zikiwa wazi mpaka hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukatika. Koili ikiwashwa bila maji huungua kwa muda mfupi mno. Waya wa ardhi hufungwa kwanza na kujaribiwa, na waya wa kwenda kwenye hita huwa wa aina inayostahimili joto, kwa sababu hukaa juu ya chuma cha moto maisha yake yote. Themostati huwekwa kati ya nyuzi 60 na 65: chini ya hapo bakteria wa lejionela huweza kustawi katika maji yaliyotuama, na juu ya hapo chokaa huongezeka kasi na hatari ya kuungua huwa kubwa. Mshono wa bega hukaguliwa mara tatu kwa kipande cha karatasi kavu: silinda ikiwa imejaa maji baridi, ikiwa imepata moto kamili kwa mara ya kwanza, na siku inayofuata ikiwa imepoa. Povu lililokatwa hurudishwa baada ya ukaguzi wa tatu, karatasi ikitoka kavu.